Muko wa Mama

Muheto, 14 Aprili 2025

Kaka Sylvain,

Salamu nyingi. Habari ya afya na joto la Walikale? Sisi tuko salama. Kaka, nimerudi shambani kwetu! Nilipokanyaga udongo nilicheka huku nalia. Nataka kujenga kabla ya mvua ya Septemba, ila naogopa kuchimba msingi juu ya kaburi la Mama. Pote ni kichaka. Unakumbuka ni wapi?

Mdogo wako, Verdiane

Walikale, 2 Mei 2025

Verdiane mdogo wangu,

Hatujambo, ni jasho tu. Barua yako imeninyima usingizi kwa furaha. Tafadhali usiguse jembe kwanza. Siku ile ya kukimbia vita, tulipomaliza kumzika, nilichomoa mti wa kipoyi, ile machela tuliyombebea, nikausimika kichwani pake. Ulikuwa muko mbichi, na muko ukiuchomeka tu unashika na kuota. Tafuta gome nene lililopasukapasuka, miiba, majani matatumatatu. Ukiwa na shaka, ngoja kiangazi: utapukutisha majani yote, halafu utawaka maua mekundu.

Kaka yako, Sylvain

Muheto, 19 Julai 2025

Kaka mpenzi,

Afya vipi? Mimi nimepona uchovu wote leo! Mwezi wa tano niliona miti miwili, karibu karibu, yote na miiba, yote majani matatumatatu. Nikasema kiangazi kitanionyesha wa uongo. Wapi! Yote miwili imevua majani, yote imewaka, ndege wamejaa. Nilikaa chini nikachanganyikiwa kabisa. Mama Dancille, jirani yetu, alipita akanicheka.

“Kipoyi iko na miti mbili, si moja,” akasema. “Kaka yako alibeba ku mbele. Bwana yangu Honoré alibeba ku nyuma, njo yeye alisimika ile ingine ku miguu.”

Kaka, Mama yuko hapo katikati! Nyumba nimeisogeza juu kidogo, mlango utamtazama. Njoo uone.

Mdogo wako, Verdiane

Walikale, 30 Julai 2025

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima. Ni kweli, nilikuwa mbele, na nilipomaliza kusimika wangu nilikimbia bila kugeuka. Miaka yote hii nilidhani nimemwachia Mama mti mmoja tu. Mwambie Papa Honoré namshukuru sana. Nimeshapata pikipiki, natoka Jumatatu.

Maua yakianguka, usiyafagie. Nataka nikute yamemfunika.

Kaka yako, Sylvain