Sekunde Thelathini na Moja za Baba Mdogo

Kimara Baruti,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo Kamugisha,

Shikamoo. Huku Kimara mvua zimekata na vumbi limerudi. Tu wazima. Mke wangu Vaileth alilala na mafua siku tatu, ila jana alianza kunifokea, kwa hiyo amepona. Wewe je, macho yanaendeleaje? Yale matone ya presha ya macho yanapatikana hapo Bukoba, au bado mnaagiza Mwanza? Na goti la Mama Mdogo Jesca linamruhusu kwenda kanisani?

Avelina dada yangu, najua wewe ndiye unayemsomea baba yako. Tafadhali soma kila neno kama lilivyo. Ukifika penye aibu yangu, usiruke.

Baba Mdogo, nilikudanganya. Jumapili iliyopita uliponipigia kuuliza kama ile ndege mpya kubwa imeruka, nilikujibu kwamba wameahirisha tena kwa sababu ya upepo. Hawakuahirisha. Iliruka saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, na mimi niliiangalia mwanzo hadi mwisho kwenye televisheni ya Nasser.

Nasser ni yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sinza, ambaye chumba chake cha nyuma ndicho makao ya kikundi chetu cha wapenda ndege. Siku hiyo tulikuwa tisa, tumekaa juu ya mifuko ya saruji, tunabishana kama mashabiki wa mpira. Kwa kuwa safari ya kwanza ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kweli kwa ajili ya upepo, uongo wangu ulipata pa kukaa. Sikuhitaji hata kufikiri.

Sababu yenyewe ndiyo inayonitoa jasho. Unakumbuka desturi yetu: kabla ndege ngeni haijaruka, kila mtu anakisia itachukua sekunde ngapi tangu injini zipande hadi magurudumu yaachane na ardhi. Mwalimu Sekela anaandika majina na makisio kwenye daftari. Anayepatia anakaa na darubini ya kikundi nyumbani kwake mpaka shindano lijalo. Mchezo huo niliupeleka mimi Sinza, lakini ni wako. Wewe ndiye uliyenifundisha pale Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, ukitoka kazini na ovaroli yenye harufu ya mafuta ya ndege, unaniambia, "Fumba macho, Ansbert, sikiliza injini, hesabu."

Wiki moja kabla uliniagiza niandike kisio lako, thelathini na moja. Nilikucheka. Mimi nilikuwa nimesema arobaini na mbili, ukaniuliza, "Wewe umepakia abiria wa wapi?" Ukanieleza kwamba ndege siku ya kwanza haina abiria wala mizigo, mafuta ni kidogo, na mabawa marefu kama yale yatainyanyua mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukasema, "Andika jina langu vizuri, wenzako wajue bado nipo."

Sekela alipofika kwangu na kalamu, Nasser akasema kwa sauti, "Haya, Ansbert, mtaalamu wetu, mwaga sera." Wote wakanigeukia. Nikasema thelathini na moja. Nikaeleza habari za mabawa na mafuta, maneno yako yote, hata kile kikohozi unachokohoa kabla ya kusema jambo kubwa nilikikohoa. Sekela akaandika Ansbert. Nilimwona akiandika na nikanyamaza.

Ikatoka sawasawa, thelathini na moja. Walinibeba juu juu, wakaniita Profesa, wakanivalisha darubini shingoni. Hapo ndipo simu yako ilipoita. Nilitoka nje, na kwa sababu kama ningekwambia imeruka ungeniuliza mara moja, "Nani kapatia?", nikakwambia upepo.

Jumatano ukapiga tena. "Bado tu?" Nikasema bado. Ukasema, "Usikate tamaa, mwanangu. Upepo utatulia. Ikiruka utanisimulia." Nilishindwa kula siku ile. Wewe ndiye unayesubiri gizani, halafu unanibembeleza mimi.

Alhamisi nikapata ujumbe wa Avelina: "Baba alisikia redioni tangu Jumatatu. Ametukataza tusikuulize." Basi Jumatano ulikuwa unajua, Baba Mdogo. Ulinifungulia mlango niingie mwenyewe, nami nikaurudishia. Ningependa kukwambia kwamba barua hii niliianza kabla ya ujumbe huo, lakini nimechoka kukudanganya. Nimeona niandike, maana kwenye simu nina ulimi mwepesi na ningekwepa tena.

Leo asubuhi nimekwenda Sinza nikawaeleza wote. Sekela alivua miwani. "Yaani wiki nzima tunakuita Profesa, kumbe profesa mwenyewe yuko Bukoba?" Nasser hakucheka. Akasema, "Lete darubini." Nikaivua. Sekela akakata jina langu kwa rula, akaniuliza majina yako matatu, akayaandika polepole kwa herufi kubwa. Darubini itabaki dukani mpaka wewe useme nani akutazamie. Tafadhali usinitaje mimi kwa huruma.

Uliuliza kuhusu zile ncha za mabawa zinazokunjwa, na nani anakagua bawaba zake. Zilinyooshwa ndege ikiwa bado inatembea kuelekea kwenye njia ya kurukia, taratibu, moja ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Kulikuwa na fundi mmoja amesimama pembeni, mikono nyuma, shingo ameinamisha upande, na nilipomwona nilikukumbuka wewe. Magurudumu hayakukunjwa hata ilipokuwa juu. Ulisema hawatayakunja siku ya kwanza. Niliporudia hilo chumba kizima kilibisha, nami nikatabasamu kama mtu anayejua, wakati nilichokuwa nacho kilikuwa chako.

Nimemtumia Avelina sauti tupu ya safari ile, kwenye simu yake. Nimekata maneno ya watangazaji, zimebaki injini. Sikukutumia siku ile ilipostahili, na hilo sina cha kulifidia. Akimaliza kusoma, aiweke karibu na sikio lako zuri. Mwanzoni utasikia upepo kidogo, kisha injini zitapanda. Anza kuhesabu hapo. Ukifika thelathini na moja, kelele za magurudumu zitakatika ghafla. Nakuomba unisamehe, lakini uhesabu kwanza.

Mama Mdogo Jesca mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya goti inakuja na Petro, yule jirani yenu, akirudi huko mwezi ujao. Avelina, asante kwa ujumbe ule, ingawa ulinichoma. Vaileth anawasalimu nyote. Anasema ameniambia ukweli siku zote kwamba mimi si mtaalamu wa kitu chochote.

Mungu akulinde, Baba Mdogo, akuachie mwanga uliobaki, na masikio hayo asiyaguse kabisa.

Mwanao akupendaye, wa sekunde arobaini na mbili,

Ansbert