Mti wa Mpira Uliobaki Koridoni

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Mti wako wa mpira nusura tuuue. Ule wa kwenye ndoo ya rangi, uliokuja nao kutoka Laela ukiwa kijiti tu. Siku ya msiba wako tulitoa makochi sebuleni tutandike mikeka, mti ukasukumwa koridoni. Makochi yakarudi. Mti tukauacha huko gizani.

Majani yakaanza kuwa njano, ya chini kwanza, yakawa yanadondoka moja moja. Kila nikiokota moja, roho inaniuma kama ile siku ya kwanza. Nikasema ni baridi, si unaijua Julai ya hapa Malangali? Nikaufunika kwa khanga yako. Wapi! Nikageuza majani kutafuta wadudu, sikuona hata mmoja. Basi una kiu, nikaumwagia kopo zima. Ndiyo kwanza ukazidi kunyong'onyea.

Hapo nikakukumbuka ukinipiga kikofi mkononi: "Chomeka kidole kwanza, ndipo ushike kopo!" Nikachomeka. Tope, Mama. Tope linalonuka. Nikaung'oa, mizizi myeusi, ukiibonyeza inapondeka kama kiazi kilichooza. Ndoo yenyewe haina tundu hata moja. Wewe tu ndiye uliyejua kuipimia maji.

Nikawaka. Nani anamwaga maji humu? Baba akatazama chini. Kumbe kila asubuhi kabla ya kwenda shamba anaumwagilia kwa kopo lako, anakusalimia, anakupa habari za mahindi. Mdogo wangu Vero naye, akitoka shule. Na mimi pia, na lile kopo langu zima. Kila mtu kwa siri yake, akidhani wenzake wameshakusahau. Nilikaa palepale sakafuni nikalia. Baba naye akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Tumekata mizizi iliyooza, tumetoboa ndoo, tumeweka udongo mkavu uliochanganywa na mchanga, tumeurudisha dirishani kwake. Sijui kama utapona. Yamebaki majani manne, ila wiki hii halijadondoka hata moja. Baba ndiye mpimaji sasa, kidole chake kina udongo kila siku.

Pumzika, Mama. Kopo nimelifungia kabatini, na nakuahidi: tukikukumbuka tutakutaja kwa sauti, mezani, wote tukisikia. Jana usiku Baba ndiye aliyeanza.

Mwanao