Muuza Samaki Asiyejulikana

Panjim, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Chandor. Natumaini goti limepoa na kuku wamerudi kutaga. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio una homa.

Kazi ya kamati ya maneno inaendelea. Tunatafuta majina ya lugha yetu ya Kikonkani kwa vitu vya kigeni: friji, chaja, rimoti. Wasomi wetu wametunga majina marefu ajabu, ukilitaja moja lazima upumzike katikati. Nikawaambia vijijini watu wameshayapokea ya wageni na kuyalainisha kinywani, kama mababu walivyolipokea neno “meza” la Wareno. Wakasema nilete ushahidi.

Basi wakati wa Krismasi, ulipokuwa ukigombana na friji jikoni, nilikurekodi kwa simu bila kukuambia. Si unakumbuka? “We kifriji kivivu, umeme wakula kama mkwe, samaki wangu wanaoza wewe wakoroma tu! Nitakurudisha kwa Mzungu wako!”

Jumatano niliwasikilizisha. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Bwana Kamat, mmoja wa wasomi hao, akauliza bibi huyo nimemwokota soko gani. Mama, niliona haya. Nikajibu ni muuza samaki wa Margao, hata jina lake silijui. Kisha nikacheka nao.

Kumbe mwenyekiti, Bi Shenoy, hakucheka. Alisema hivyo ndivyo lugha inavyokula ikanenepa, akaamuru maneno yako yote yaingie kwenye kamusi. Sauti yako imepelekwa redioni. Itasikika Jumapili baada ya misa, pamoja na shukrani kwa “muuza samaki asiyejulikana.”

Nilitaka kukuandikia kwamba mitambo ya redio imeharibika, usihangaike kuiwasha. Kalamu ikakataa. Nimekukana, Mama Piedade, wewe uliyenifundisha kila neno ninalolipwa kulipima. Naona aibu hata kuandika jina langu hapa chini.

Leo nimemweleza Bi Shenoy ukweli. Alisema kipindi kimeshafungwa, hakibadiliki tena. Kwa hiyo nitakuja Jumapili asubuhi na mapema. Washa redio, na madirisha uyafungue. Majirani wataitambua sauti yako kabla hujamaliza kuitukana friji. Wakiuliza mbona redio inasema hujulikani, najua utanifunikia kosa kama kawaida yako. Safari hii usinifunikie. Niache nijibu mwenyewe.

Nisalimie Shangazi Quiteria na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Olavo, mwana wa Piedade