Pumzi ya Kaka Gervas

Masasi, 12 Novemba 2023

Kaka Gervas,

Shikamoo. Hujambo? Wifi Esther naye hajambo? Huku tu wazima, ila roho yangu haijatulia tangu tulipomzika Marko. Simu yako umeizima, ndiyo maana nampa Yunusi dereva barua hii akufikishie mkononi.

Nasikia hulali, huli, na korosho zinaozea chini kwa sababu shamba alimoumwa na nyoka mwanao hutaki hata kuliona. Kaka, unakumbuka nilivyokuwa mimba yangu ilipoharibika? Nilijifungia ndani kama mfungwa. Aliyenitoa ni muuguzi mmoja wa hapa, Mama Winfrida. Alitukusanya wanawake wa mtaani. Kwanza tunakaa kimya, macho tumefumba, tunaifuata pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakitoroka unayarudisha taratibu, bila kujigombeza. Kisha tunainuka na kukimbia mpaka jasho litutoke. Siku ya kwanza nilicheka. Leo sicheki.

Jaribu, kaka yangu.

Mdogo wako,
Scholastika

---

Mkunya, 21 Novemba 2023

Mdogo wangu Scholastika,

Marahaba. Unauliza hali, hali hakuna. Wifi yako anapika, anafua, lakini tangu mazishi hajanisemesha neno. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Hayo mambo yenu nimeyajaribu. Nilikaa kimya barazani, nikafumba macho. Nikamwona Marko, mguu umevimba, ananiambia, "Baba, niwahishe." Huko kwenye kimya ndiko aliko. Nikainuka, nikakimbia. Moyo ukanidunda kama ulivyonidunda siku ile nilipombeba mgongoni kuitafuta barabara. Nikaanguka, nikatapika. Watu wanasema Gervas amerukwa na akili. Labda kweli.

Usiniandikie tena habari za pumzi. Ya mwanangu imekwisha, yangu ya nini? Nimechoka kuishi.

Kaka yako,
Gervas

---

Masasi, 22 Novemba 2023

Kaka,

Salamu nitakupa uso kwa uso. Barua hii inatangulia na Yunusi, mimi nafuata na gari la nyuma yake. Usikae peke yako hata kidogo. Yale uliyoniandikia mwambie Esther, hata kama hajibu. Ukishindwa kusema, mpe barua hii aisome.

Tutakwenda wote hospitali. Mzigo huu ni mzito kuliko kukaa kimya na kukimbia, na mimi nilikosea kukuachia uubebe kwa maelekezo ya karatasini.

Kaka, nisubiri. Nakuja.

Mdogo wako,
Scholastika

---

Mkunya, 14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Umefika salama, Yunusi ameniambia.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Dawa za daktari nameza, na usingizi unakuja kidogo. Sikudanganyi: kuna asubuhi bado sioni sababu ya kuamka. Naamka tu kwa kuwa nilikuahidi.

Nakaa barazani kama tulivyokuwa tukikaa mimi na wewe. Marko anakuja. Simfukuzi, kama ulivyoniambia. Nalia, kisha naitafuta pumzi yangu. Halafu naingia barabarani. Moyo ukianza kudunda naogopa bado, lakini najiambia, hizi ni mbio tu, Gervas, mgongoni hujabeba mtu.

Sasa sikia. Jana nilikuwa nimekaa, macho nimefumba, nikasikia mtu anaketi pembeni yangu. Sikufumbua. Pumzi yake ilikuwa inakatikakatika, kama ya mtu aliyezuia kilio muda mrefu. Nilipoinuka, akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, akanifuata.

Tukakimbia. Majirani walidhani kuna nyumba inaungua. Stefano akatoka mbio na ndoo ya maji, na unajua maji yanavyotutesa huku. Hatukusimama kumweleza. Mimi nilikimbia kama ninayefukuzwa, nikamwacha wifi yako nyuma sana, wala sikugeuka. Nilishazoea kwamba hatuko pamoja.

Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya kwanza kwangu tangu mazishi, imekauka, kama ya mgonjwa:

"Baba Marko! Punguza mwendo. Nisubiri."

Scholastika, niligeuka. Nikasimama katikati ya barabara, jasho na machozi vinachuruzika pamoja, nikamsubiri.

Kaka yako,
Gervas