Diski Iliyosahau Majina

Dukani, Jumanne asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha ubishi. Shemeji je, bado anakoroma na kukana? Wapwa wangu wasalimie mmoja mmoja, maana yule mdogo hapendi salamu za jumla. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, wateja wabishi bado.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kuna jambo ambalo kwenye simu ningelikimbia. Lakini kwanza habari.

Ile kompyuta ya dukani niliyokuwa nakuchapia daftari zako za ukunga, ile iliyozimika mwezi wa tatu ikaondoka na kitabu chako kizima, hatimaye imepata fundi. Ni mama mmoja mfupi, zamani akitengeneza cherehani. Mtaani wanamwita Bi Taratibu, naye anaitika. Mwenye duka alimtaka aweke upya Linux, ile programu inayoendesha mashine nzima, na amalize kabla ya saa sita. Bi Taratibu akavuta kiti, akasema kuweka Linux ni kazi ya nusu saa, ila kuna swali moja humo ndani ambalo watu hulijibu huku wakipiga miayo, na ndilo huja kuwaliza: mfumo wa faili. Yaani, dada, ule utaratibu ambao diski hufuata ili ijue nini kimewekwa wapi.

Basi akatuhoji kama mnavyomhoji nyinyi mjamzito siku ya kwanza. Umeme hukatika mara ngapi kwa wiki? Nani na nani hukaa hapa? Kitu gani kikipotea hamtapata usingizi? Mwenye duka akasema yeye anataka kilicho kipya kuliko vyote, maana jirani wa ng'ambo ya barabara anamringia. Bi Taratibu, bila kuinua macho, akamwambia yeye kipya hakikatai. Btrfs, ndiyo hiyo mpya, anaitumia mwenyewe nyumbani, hutunza picha ya mambo yalivyokuwa jana, ukiharibu leo unarudi nyuma. Ila kwa duka hili anachagua ext4, iliyo ya zamani kuliko hiyo, kwa kuwa imepita mikononi mwa watu wengi kwa miaka mingi, na siku yeye akiugua, fundi yeyote atajua pa kushika. Akaongeza kwamba mfumo mzuri wa faili ni ule ambao mwenye mashine hana cha kusimulia juu yake.

Tena ina shajara. Kabla ya kugusa mpangilio wa diski, huandika kwanza inalotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka husoma shajara, ikajua ilipoachia.

Diski ya zamani hakuifuta. Aliitoa, akaiweka pembeni na kufunga mpya. Alipomaliza, akaanza kunakili mafaili chungu nzima, kisha kazi ikiwa imepamba moto akachomoa waya ukutani. Mwenye duka akapiga ukelele, mama unaniulia mashine! Akaambiwa atulie, leo kufa ni kwa majaribio. Akawasha, akachomoa tena. Mara saba. Kila mara iliinuka ndani ya muda mfupi, na faili iliyokatika ni ile moja tu iliyokuwa njiani. Nyingine alizifungua zote, akazikuta salama. Nimeona mafundi wengi wakiisifu kazi yao. Sijaona mwingine akiichokoza yake makusudi ili aone kama itamjibu. Hata hivyo akatuonya kwamba shajara si nakala, na asiyeweka nakala asimlaumu mtu.

Ndipo akachukua ile diski ya zamani, akatengeneza kwanza mfano wake mzima, yaani nakala ya kila kilichomo, akafanyia kazi mfano. Dada, shika kiti: sura zako hamsini na nane kati ya sabini na moja zimepatikana! Zilikuwa kwenye folda ya vilivyookotwa, zimepoteza majina, zina namba tu. Alizisoma moja moja kwa siku mbili ili azirudishie majina. Mahali fulani akavua miwani, akaniuliza mwandishi ni nani. Nikasema ni dada yangu, ila ameacha kuandika. Akauliza kwa nini. Nikainuka kwenda kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

Mwezi wa tatu nilikwambia labda ulibonyeza kitu siku ile ulipokaa hapa kusahihisha. Ukasema basi vidole vimezeeka, na tangu hapo hujagusa kompyuta wala kalamu. Si kweli, dada. Hukubonyeza chochote. Umeme ulikatika saa mbili baada ya wewe kuondoka. Na mfumo wa faili niliuchagua mimi: ext2, usio na shajara, kwa sababu nilisoma mahali kwamba shajara huchelewesha mashine kuukuu, nami nikataka iwe nyepesi ili nisifiwe. Nakala sikuweka. Haya yote niliyajua siku ileile.

Nilimwambia Bi Taratibu. Hakunigombeza. Alisema la diski ameweza kulisaidia, hili lingine halina fundi ila mimi, na nisichape hata ukurasa mmoja kabla sijakuandikia.

Sasa nakala ziko tatu: dukani, kwake, na kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii. Sura kumi na tatu zimekwenda moja kwa moja. Kati ya zilizopatikana, tisa bado hazina majina, maana fundi amekataa kubahatisha. Chuo cha wauguzi kinachokitaka kitabu chako kimekubali kungoja hadi mwisho wa mwaka. Njoo, dada. Ukija kunigombeza, nigombeze ukiwa umekaa kwenye kiti changu, mikono juu ya kibodi.

Mwenye duka anawasalimu nyote. Bi Taratibu naye anakusalimu, na ana swali. Faili namba 4117 inakatikia pale pacha wa pili anapotoka kimya na wewe unampindua kichwa chini. Anauliza, alilia?

Ni mimi mdogo wako,
mwenye kosa