Tangi la Kando ya Kitanda

Jihlava, 2 Oktoba 2011

Ilona mwanangu,

Hujambo huko Cork? Mimi mzima, ukiacha goti na huu ukiwa wa nyumba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia nusu tu, nusu nyingine naibuni, halafu tunagombana kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Mama yako yuko vilevile. Tangu kiharusi kile hajatoa hata sauti, na chakula anakipokea kwa muuguzi mmoja tu. Lakini jana nilimsukuma na kiti chake hadi ukumbi wa hospitali, pale penye kitangi cha samaki, akageuza shingo. Akawafuata kwa macho wakienda, akawafuata wakirudi. Nusu ya mdomo ikacheka. Nililia mbele ya watu, Ilona, wala sikuona haya.

Daktari anasema mwanzoni mwa Novemba nimchukue, wao hawana la kuongeza. Basi nimeamua. Wale skalari wake wa nyumbani, wale samaki bapa wenye mapezi marefu, nitawashusha kutoka juu ya kabati, maana akilala hawezi kuwaona. Nitajenga tangi refu na la chini, lilingane na kitanda, akifumbua macho awakute. Dukani halipo la kipimo hicho. Vioo nitakata mwenyewe.

Baba yako,
Vlastimil


Cork, 9 Oktoba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi nyingi, mvua kila siku. Barua yako niliisoma jikoni, nikairudia. Kumbe bado kuna kitu anachokitaka. Nilikuwa nimeshakata tamaa, sikukwambia tu.

Lakini nakusihi, usijenge. Brno kuna fundi anayetengeneza matangi kwa kipimo unachompa, analeta mpaka mlangoni na anatoa dhamana. Nitalipa mimi. Una miaka sabini na minne, baba, na mkono wako wa kulia unatetemeka. Usikatae, nilikuona ukipakua supu. Kabati la viatu ulilijenga misimu miwili ya baridi. Mama hana misimu miwili. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mbusu paji la uso kwa niaba yangu.

Mwanao,
Ilona


Jihlava, 14 Oktoba

Mwanangu mwenye haraka,

Salamu nyingi. Goti limetulia, mama yako kala nusu kikombe cha uji.

Tangu lini nyumba hii imenunua kitu kinachoweza kutengenezwa? Kibanda chetu cha msituni nilikijenga kwa mbao za zizi lililobomolewa, na hujawahi kulowa ndani yake. Husemwa Mcheki ana mikono ya dhahabu. Yangu imechakaa, lakini haijawa bati. Pešek wa ghorofa ya tatu alishuka stoo akaviona vioo. Akaniuliza, "Vlasta, hilo tangi au jeneza la malkia?" Nikamwambia, "Wewe nyamaza, yule samaki wa Krismasi uliyemfuga hai kwenye beseni la kuogea alikufia kabla hujatafuta kisu. Aliiona sura yako tu, akafa." Tukanywa bia.

Sasa nikuambie la moyoni. Wewe huko unawafuta midomo wazee wa watu, ndiyo kazi yako, unaijua. Mimi mke wangu sijui kumgeuza. Muuguzi alinifundisha, nikamuumiza, nikaona chozi. Kumvisha sijui, kumwosha sijui. Hiki ndicho ninachoweza kumfanyia. Ukiniletea cha kununua, nitakaa chumbani mle kama mgeni aliyekuja kutazama mgonjwa.

Na mimi nina methali yangu: haraka haraka haina baraka.

Baba yako


Cork, 20 Oktoba

Baba, shikamoo.

Hayo ya wazee wa watu yamenichoma, na ulijua yatanichoma. Nimekusamehe, kwa sababu sentensi zilizofuata zimenichoma zaidi.

Jenga. Ila tuwekeane sharti. Nimezungumza na fundi wa Brno, ananisubiri. Siku mama anaporudi nyumbani, kama tangi lako halijasimama na maji ndani, naagiza siku hiyohiyo, na hutasema neno. Hilo sibadilishi. Na usinyanyue kioo peke yako, mwite Pešek hata kama anaudhi.

Mwanao,
Ilona


Jihlava, 5 Novemba

Ilona,

Hatujambo, sote wawili. Andika hivyo ukutani kwako.

Limesimama na halivuji hata tone. Tuliligusa kila kona, mimi na Pešek, tukiwa tumepiga magoti, yeye kwa sala, mimi kwa goti bovu. Maji niliyachota kwenye tangi la zamani ili samaki wasishtuke. Mama yako aliletwa juzi. Jana tangu asubuhi hakuondoa macho kwa samaki. Kisha akanyanyua kile kidole chake kizima akakiweka kwenye kioo, na lile dume kubwa likaja likasimama mbele ya kidole. Nakwambia likasimama.

Amekula supu ya viazi kwa mkono wangu, vijiko kadhaa, na kutetemeka huku. Mwambie fundi wa Brno awauzie wengine.

Baba yako mwenye mikono


Cork, 19 Novemba

Baba, shikamoo.

Umenyamaza, nadhani una furaha. Barua yako nimewasomea wenzangu kazini, mmoja akatoka nje kulia. Nilikosea kukubishia. Niambie, bado anakula mkononi mwako? Dume bado linakuja kwenye kidole?

Mwanao


Cork, 30 Novemba

Baba, simu hupokei. Nimempigia Pešek, kasema nikuulize wewe. Nikuulize nini?

Ilona


Jihlava, 6 Desemba

Ilona mwanangu,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo ili usome hadi mwisho umekaa. Samaki wamekufa wote.

Gundi ya matangi iliniishia kwenye ungio la mwisho. Ilikuwa sikukuu ya taifa, maduka yamefungwa, na siku ya sharti lako naiona mbele yangu. Stoo kulikuwa na gundi nyingine ya silikoni, nusu bomba, iliyobaki tulipotengeneza bafu. Unatujua, hatutupi kitu, huenda kikafaa. Nikaitia. Ilinata, haikuvuja. Miwani niliivaa walipokwisha kufa, ndipo nikasoma ubavuni mwa bomba: ina dawa ya kuua ukungu, isitumike kwenye matangi ya samaki.

Walikufa mbele ya macho yake, mmoja mmoja. Nilibadilisha maji, nikabadilisha tena, sikujua sumu iko kwenye tangi lenyewe. Dume lilikuwa la mwisho. Mama yako aliweka kidole, halikuja. Nilitundika shuka ili asione, akatoa sauti. Ndiyo sauti ya kwanza tangu augue. Halikuwa neno. Nikaliondoa shuka.

Najua utajilaumu kwa kunihimiza. Usijilaumu, mkono ulioshika bomba ni wangu. Wala usiagize Brno. Nilimletea skalari wengine ndani ya mtungi wa kioo, nikamshikia mbele ya uso. Hakuwatazama. Wale aliwalea tangu mayai.

Supu haitaki, kwangu wala kwa mtu mwingine. Amegeukia ukutani. Nimekivuta kitanda, nami sasa nalala katika ile nafasi nyembamba kati yake na ukuta, ili akifumbua macho anikute mimi. Leo asubuhi alifumbua. Alinitazama sana. Kisha akayafumba, akayaacha hivyo mpaka nilipoondoka.

Baba yako,
Vlastimil