Nyungo Uwanjani Misunkumilo

Mtani wangu Fulgensi,

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike, na katika Mpanda nzima labda ni mimi peke yangu ambaye sijakuaga. Msibani nilikuwepo. Nilishika koleo, nilikula wali wako, nikaomba na mchuzi wa kuongeza. Lakini foleni ya kuaga ilipofika kwenye jeneza nilitazama viatu vyangu, nikapita.

Nikupe habari za timu kwanza, maana najua hungenisikiliza kabla hujazipata. Tumefungwa mechi tatu mfululizo. Kocha aliyeletwa baada yako, kijana wa Tabora mwenye vyeti vingi, wameshaanza kumzomea. Mpwa wa Tajiri bado anavaa namba tisa, na bado anakimbia kama mtu mwenye mchanga viatuni. Tajiri mwenyewe bado anakaa chini ya turubai lake, na mpira ukipotea anasimama, anatikisa kichwa, anamkazia macho kocha mpaka uwanja mzima uone nani wa kulaumiwa. Unaujua mchezo huo. Timu ilikuwa yetu, wanachama, tukamkabidhi kwa sababu ya basi na jezi mpya, na tangu siku hiyo kosa halijawahi kuwa lake.

Juzi kijiweni, kwenye kahawa, vijana wakaniambia: "Mzee Maganga, tupe neno la huyu Mtabora. Lile la Fulgensi lilikuwa kiboko!"

Niliacha kikombe nusu, nikaondoka.

Mtani, nianzie mbali kidogo, nipate nguvu. Unaikumbuka siku ya kwanza ulipoingia dukani kwangu kutoa fotokopi za fomu za usajili? Nilisikia lafudhi yako, nikakuuliza kama umekuja kwa basi au umeruka na ungo kichawi, kama kawaida yenu Wafipa. Hukumeza hata mate. "Nimekuja kwa miguu," ukasema, "nikawa natafuta Mnyamwezi wa kunibebea mzigo, nakuta mpagazi siku hizi kafungua stesheneri." Wateja walicheka mpaka mashine ikabaki inatema karatasi tupu. Tangu hapo ulikuwa mtani wangu. Babu zetu walituachia ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, na sisi tuliitumia vizuri miaka yote.

Mpaka nilipoitumia vibaya.

Unaikumbuka Jumatano ile. Ulikuja na daftari lako gumu, ukalifungua juu ya kaunta. Kila mechi ilikuwa na kurasa mbili. Kushoto, kikosi chako, kwa kalamu ya bluu. Kulia, kikosi kilichoingia uwanjani, kwa nyekundu. Kwenye mechi ya mwisho majina manne yalikuwa tofauti. Simu ya Tajiri, ulinieleza, ilikuwa inaingia vijana wakiwa wanafunga kamba za viatu. Mtoe huyu, mwingize yule, mpwa wangu acheze dakika zote. Nikakuuliza kwa nini usiseme hadharani. Ukafunga daftari. "Mimi nimesaini mkataba, mtani. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Nilipiga kaunta kwa ngumi. Nikayaandika majina yale manne kwenye karatasi, nikaitia mfukoni, nikakuambia Jumamosi redio itawaka moto.

Na wewe uliniamini. Kwa nini usiniamini? Mji mzima unanijua. Nimegombana na kila diwani aliyewahi kutuahidi barabara. Nimeandika barua za wazi ambazo watu walizibandika ukutani. Kabati langu limejaa vitabu vya watu waliokubali kufungwa kuliko kufuta sentensi moja. Nimevisoma vyote, Fulgensi, nikapigia mistari kwa rula.

Ijumaa dereva wa Tajiri alisimamisha gari mbele ya duka. "Mzee, bosi anasema mtu kama wewe hafai kusimama juani na bodaboda. Jumapili tunacheza na wale wa Majimoto. Kiti chako kipo turubaini, pembeni yake."

Basi. Hakuniomba kitu, hakunitisha, hakulitaja jina lako. Angenitisha ningepiga kelele mpaka Sumbawanga wasikie, maana kupigana ndiyo kazi yangu. Yeye alinipa kivuli. Kiti cha plastiki chenye mto mwekundu. Usiku... hapana, nisijidai kwamba nililala nikihangaika. Nililala vizuri. Nilijiambia nitasema Jumamosi ijayo, nikishamsoma mtu huyu kwa karibu.

Jumamosi, kwenye kipindi cha michezo, mtangazaji akaniuliza: "Mzee Maganga, tatizo la timu ni nini?" Karatasi yenye majina manne ilikuwa mfukoni. Nikafungua mdomo, ule uliousifia, nikasema: "Tatizo ni ungo wa Mfipa. Umeisha mafuta."

Mtangazaji alicheka mpaka akagonga maiki. Simu za wasikilizaji zikaanza kuingia, kila mmoja akilirudia. Nikapendwa. Nakuambia ukweli: nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyefunga goli.

Jumapili mashabiki wakaja na nyungo. Nyungo za kweli, za kupepetea mpunga, wamezitoa majumbani mwao. Tulipofungwa goli la pili wakaanza kuzipiga kwa viganja, uwanja wote, wakiimba lile neno langu. Tajiri alinipiga paja kwa furaha. Wewe uligeuka pale kwenye benchi, ukanitafuta kwa mashabiki wa upande wa golini ambako nilizoea kusimama, hukuniona. Ukatafuta tena. Ukanikuta turubaini.

Ukainua mkono, ukacheka, ukanitikisia kidole kama mtani anavyomtikisia mtani.

Shemeji, mkeo, alikuwa kwenye kona, ameshika chupa yako ya maji. Yeye hakucheka.

Jumanne ukafukuzwa kwa ujumbe wa simu. Ukapanda milimani Mwese kulima maharage. Kila bodaboda aliyeshuka aliniletea salamu: "Kocha anasema, mwambieni mpagazi aje abebe maharage yake." Nilijibu kwamba barabara mbaya. Ni mbaya kweli. Lakini maharage yanashuka kwa barabara hiyo hiyo kila siku, na wewe mwenyewe ulishuka kwayo homa ilipokushinda, umebanwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili ili usianguke. Siku mbili hospitali. Nilipanga kuja siku ya tatu.

Msibani wakaniita nifanye kazi ya mtani. "Mpagazi, tufanyie Fulgensi!" Nikavaa kofia yako. Nikatembea mikono nyuma, tumbo mbele, nikapiga mbinja kwa vidole viwili, nikamgombeza kipa asiyekuwepo. Watu wakacheka, hata dada zako waliokuwa wanalia. Ndiyo kazi ya utani, kuwapunguzia wafiwa uzito. Nilidhani na mimi utanipunguzia.

Kumbe nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanapepeta mchele. Ule mlio. Unaujua. Kijana mmoja akausikia, akapaza sauti: "Ungo umeisha mafuta!" Uwanja wa nyumba yako ukalipuka kwa kicheko. Tajiri naye, kwenye kiti cha mbele.

Shemeji akainuka mkekani, akaingia ndani.

Pale pale ningeweza kusema. Wote walikuwepo, na wote walikuwa wakisubiri kichekesho kingine. Nikavua kofia, nikasema Mungu akulaze pema, nikakaa.

Jumatatu hii shemeji alikuja dukani. Hakutaka kiti. Aliweka daftari lako juu ya kaunta. "Aliagiza upewe wewe. Alisema utajua pa kulipeleka." Nikaanza, "Shemeji, mimi..." Akanikata. "Soma kwanza."

Nimelisoma lote. Bluu na nyekundu, msimu mzima. Nilitafuta mahali uliponitukana. Nilitafuta ukurasa kwa ukurasa, nilitaka nilione tusi la kweli, siyo la utani. Halipo. Kwenye mechi ile ya nyungo, chini kabisa, umeandika kwa penseli: "Mtani kasahau kusema redioni. Nimkumbushe."

Fulgensi, sikusahau.

Nasema tena, maana wewe ulikufa ukiamini vingine. Sikusahau. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nilikaa kivulini nikakuuza kwa kiti, na wala hakuna aliyenitaka nikuuze.

Jumamosi hii nakwenda redioni. Wanadhani nakwenda kumshughulikia Mtabora. Nitasoma vikosi vyako vyote, cha bluu kisha cha nyekundu, mechi baada ya mechi, na nitasema simu zilitoka kwa nani. Kisha nitasoma ile ya penseli, na niseme mtani huyo ni nani na kwa nini alinyamaza. Wakinizimia maiki nitamalizia kijiweni. Nimemtumia shemeji ujumbe afungue redio saa tatu. Hajajibu, na ana haki.

Jumapili nitasimama juani, nyuma ya goli, mahali ulipozoea kunitafuta. Wakinigeuzia mimi nyungo, sitawaambia ni utani. Wiki ijayo ni arobaini yako. Nitakuja kaburini na daftari, na safari hii nitakutazama.

Pumzika, Mfipa. Maharage nitayafuata Mwese mwenyewe, niyabebe kichwani, nimpelekee mkeo.

Mtani wako,
Maganga